Kwa nini gari kuukuu huzima ghafla ikipata moto, halafu ikipoa yawaka kama si yenyewe?

Uko kwenye foleni ya feri Likoni, saa nane mchana mwezi wa pili, jua limekaa utosini, gari yasonga hatua mbili yasimama, mara kimya. Hakuna kishindo wala moshi, taa za dashibodi zimewaka zote na injini haipo. Wapiga stata, inazunguka vizuri tu lakini haishiki. Nyuma honi, vijana wanakusukuma pembeni na wataka ya soda, unakaa nusu saa unakunywa dafu, ukijaribu tena hata huna imani, inawaka mara moja! Sasa shida ilikuwa nini na imeenda wapi?

Haijaenda popote, imepoa tu.

Injini ya petroli yataka hewa, petroli na cheche ya plagi kwa wakati wake. Hewa ni nadra kukatika ghafla, kwa hivyo washukiwa ni wawili. Na hawa hawana mapumziko, maanake injini ya silinda nne yenye distributa, kile kigawa cheche kwa plagi, ikiwa imesimama tu inanguruma, mizunguko 800 kwa dakika, inahitaji cheche kama 26 au 27 kila sekunde, sasa chochote kikikata hata sekunde mbili tatu ushazimikiwa.

Mwizi ninayemshuku kwanza mimi ni sensa ya kranki, ile shafti kuu inayozunguka ndani ya injini. Sensa ni kidude kama kidole gumba hivi, kazi yake kuiambia kompyuta ya injini kranki iko wapi na yazunguka kasi gani. Kwenye zile za waya mbili, ndani kuna waya ya kopa nyembamba kama unywele, imezungushwa kwenye sumaku mara nyingi mno halafu ikafungiwa ndani ya plastiki. Kopa na plastiki hazitanuki sawa zikipata moto, na ukifanya hivyo kila siku miaka ishirini na tano, ile waya inapata ufa ambao hata kwa miwani huuoni. Ikiwa baridi ncha mbili zinagusana, ikiwa moto zinaachana. Kompyuta ikikosa habari za kranki yaona injini imesimama, basi yakata cheche na petroli pamoja. Koili ya plagi, inayokuza umeme wa cheche, na moduli ya ndani ya distributa, inayoiamrisha koili, zina ugonjwa huo huo, na rilei ya pampu ya petroli pia, yaani swichi yake ya umeme, hiyo hua risasi ya kulehemia imepasuka kwenye miguu yake.

Sasa mbona foleni na si pale unapovuka daraja la Nyali? Upepo. Ukienda, hewa yapita chini ya boneti, ukisimama joto lajaa humo. Na ubaya ni kwamba ikizima maji ya rejeta hayazunguki tena, kwa hivyo dakika za kwanza sehemu zingine zazidi kupata moto badala ya kupoa. Fungua boneti, usikae ukipiga stata mpaka betri nayo ife.

Kabla ya kumwita fundi jiulize imezima vipi. Kama ni pwap! kama mtu amezungusha ufunguo, huo ni umeme. Kama imeanza kukohoa, kuvuta na kuachia, ikakosa nguvu kwanza, hapo angalia petroli. Na kama una mshale wa RPM, yaani wa mizunguko ya injini, ikizima ukiwa bado watembea na gia iko ndani, utazame. Ukianguka sifuri papo hapo ilhali tairi bado zaizungusha injini, basi kwa gari nyingi ni habari ya kranki au upande wa cheche uliokatika. Ukishuka taratibu na kasi ya gari, wacha umeme kwanza, fuata mafuta.

Mimi hili nimelijua baada ya kulipa. Gari yangu salun ya 1998 ilikua yazima, fundi wa kwanza akaniuzia plagi na waya zake, wa pili pampu ya petroli, wa tatu akachomeka mashine ya kompyuta, haikuonyesha kitu, manake hitilafu ya kuja na kuondoka mara nyingi haiachi namba ya hitilafu kwenye kompyuta. Wote niliwapelekea gari ikiwa inawaka! Mzee mmoja jirani ndiye aliyeniambia, mwanangu, mgonjwa hupimwa homa ikiwa imepanda. Tukaitoa sensa, multimita ya kupimia umeme ikasoma ukinzani wa omu mia tisa na kitu, akachukua drai ya nywele ya mkewe akaipuliza kama dakika tano, mita ikaruka OL, yaani hakuna njia. Kuiweka kwenye maji baridi, mia tisa tena. Nilikasirika hata nikacheka. (Zile za waya tatu hazipimwi kwa njia hii.)

Ikizima njiani washa swichi bila stata usikilize nyuma, pampu ya umeme hua yalia zzz sekunde mbili tatu kwa gari nyingi. Kama hailii, gonga rilei, angalia fyuzi. Fungua kifuniko cha tangi, ikivuta hewa kwa nguvu ffff na ikiwaka baada ya hapo basi tundu la kupumulia limeziba na tangi lilikua lanyonya utupu. Gari za kabureta, zile za kale zinazochanganya petroli na hewa bila kompyuta, zina lao, petroli ichemkie ndani ya paipu iwe mvuke, pampu ikose cha kusukuma, ndio wazee humwagia maji kitambaa wakakizungushia pampu, na chafanya kazi kweli.

Huku kwetu ongeza chumvi ya bahari. Fuata waya nene ya negativu mpaka inapofungwa kwenye bodi na kwenye injini, nyingi zimeota kutu ya kijani, fungua upige msasa. Halafu ile alamu ya kukata injini aliyofunga mwenyewe wa kwanza, waya zimesokotwa zikapigwa tepu, hiyo mafundi wengi hawaitazami kabisa.

Na ikikuzimia kwa mwendo usitoe ufunguo, usukani waweza kujifunga. Utakua mzito lakini wageuka, na breki zina nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili hivi kabla hazijawa ngumu, kwa hivyo kanyaga moja ya maana, usipige piga.