Themostati si kipimajoto, wala si feni

Themostati ni swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe kufuata joto la chumba. Fasili yake ni hiyo tu, nami nisingeongeza neno kama si simu ninazopokea kila kiangazi kutoka kwa Waswahili wenzangu tunaoishi Marekani: "Kipimajoto cha nyumba kimekufa." Ukiuliza vizuri, unakuta feni ya ndani ndiyo haizunguki.

Neno lenyewe ni la Kigiriki. Thermos ni chenye joto, statos ni kilichosimama, kilichotulia mahali pamoja. Andrew Ure, mkemia wa Uskoti, alilitumia katika hataza yake ya mwaka 1830 kwa kifaa cha metali mbili zilizounganishwa. Kila moja hutanuka kwa kiasi chake, basi zikipata joto hujipinda. Mwaka 1883 Warren Johnson, mwalimu wa Wisconsin, akapata hataza ya kifaa cha umeme kilichohisi joto la darasa na kumjulisha mtunza moto. Kifaa kile hakikupasha chochote. Kilipeleka habari, kazi ikafanywa kwingine.

Sisi Waswahili tuna neno kidhibitijoto, na naona linashinda hata la Kigiriki. Kudhibiti, neno tulilopewa na Kiarabu, ni kukishika kitu barabara kisiponyoke. Kipimajoto ni themometa, na kupima ni kusoma tu: nesi akikuwekea kipimajoto kwapani, homa haishuki kwa hilo. Themostati nyingi huonyesha nyuzi za joto kiooni, na hapo ndipo majina yanapochanganyika, lakini ile namba ni nyongeza. Kazi yake ni kuamua.

Wengi wetu tulizoea kiyoyozi cha Dar es Salaam au Mombasa: boksi ukutani, rimoti mkononi, na sensa ya joto imo humo humo ndani ya boksi. Ukifika kwenye nyumba yenye kiyoyozi kimoja cha kati, unakiona kidude ukutani na kudhani ndicho chenyewe. Nyuma yake kuna nyaya nyembamba tu, na kila moja ina herufi. R huleta umeme wa volti 24 kutoka kwenye transfoma, kifaa kinachopunguza nguvu ya umeme wa nyumba. Y huiita kompresa ya nje. G huiita feni ya ndani. W ni ya kupasha joto wakati wa baridi kali, C ni njia ya kurudishia umeme. Fuata herufi, usiamini rangi, maana fundi aliyetangulia huenda alitumia waya aliokuwa nao.

Kwa hiyo feni ina waya wake. Ukiweka feni kwenye ON, themostati inaunganisha R na G, basi. Ukiiweka kwenye AUTO na chumba kikahitaji ubaridi, inaziita Y na G kwa pamoja. Kwenye nyumba nyingi zinazopashwa joto kwa gesi, tanuri huwasha feni lenyewe bila kuisubiri G. Ndiyo maana feni inaweza kufanya kazi Januari yote, kisha ikanyamaza Julai, na mwenye nyumba akashangaa.

Njia ya kutenganisha lawama ni hii. Zima umeme wa mtambo kwenye swichi kuu, toa uso wa themostati, unganisha R na G kwa kipande cha waya, kisha washa. Feni ikizunguka, kosa liko kwenye themostati au pale nyaya zinapoingia. Isipozunguka, angalia fyuzi ndogo kwenye bodi ya mtambo, transfoma, rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme), kapasita ya feni (kifaa kinachohifadhi umeme), na mota yenyewe. R na C zisigusane kamwe, utaunguza fyuzi hiyo, pengine na transfoma. Kapasita mwachie fundi, kwa sababu hubaki na umeme hata baada ya kuzima.

Nimeona watu wakinunua themostati mpya, ya bei, kwa sababu ya fyuzi ya dola chache, na inaniuma. Basi jirani akikuambia kipimajoto chake hakipulizi, usimcheke. Mwambie kwamba kile ni kidhibitijoto na hakijawahi kupuliza, kisha muulize kama ameshajaribu R na G.