Polisi wanaruhusiwa kutumia nguvu kiasi gani dhidi ya wanafunzi walioandamana kwa amani?

Dawati letu la msaada wa kisheria hapa Mwanza limekuwa likipokea malalamiko ya wanafunzi wa vyuo wanaoeleza kuwa walipigwa virungu au kurushiwa mabomu ya machozi wakiwa wameketi na mabango yao, wakidai fedha za kujikimu zilizochelewa. Hatutagusa shauri la mtu yeyote, kwa kuwa baadhi bado yanafanyiwa kazi.

Tuanze na neno "kibali": wengi hudhani maandamano yanahitaji kibali cha polisi, dhana tuliyochoka kuisahihisha, kwani sheria inataka taarifa tu. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kinamtaka mwandaaji kupeleka taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi anayesimamia eneo husika, si chini ya saa 48 kabla ya mkusanyiko, akitaja mahali, muda na madhumuni. Asipopewa amri ya kuzuia, anaendelea. Akizuiwa na asiporidhika, hukata rufaa kwa Waziri. Barua iwe na nakala mbili, moja ibaki kituoni na nyingine irudi ikiwa na mhuri wa kupokelewa, tarehe na saa. Kijana mmoja alituonyesha barua nzuri kabisa, iliyotaja hata njia ya kupita kutoka Mkuyuni hadi Uwanja wa Nyamagana, lakini ilikuwa picha ndani ya simu, bila mhuri wala jina la aliyeipokea, kwa hiyo saa 48 zake hazikuwa na pa kuanzia kuhesabiwa.

Wapo pia wanaosema, tena watu wazima wenye watoto vyuoni, kwamba asiyetoa taarifa amejitakia. Hapana. Mkusanyiko haramu una adhabu yake katika Kanuni ya Adhabu, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, na adhabu hiyo hutolewa na hakimu baada ya kusikiliza ushahidi, si askari barabarani. Hata penye ghasia halisi za watu 12 au zaidi, ofisa wa cheo cha mkaguzi au zaidi hutangaza kwanza amri ya kutawanyika, muda wa kutosha hupita, ndipo nguvu hutumika kwa kadiri inayohitajika tu. Misingi ya Umoja wa Mataifa ya 1990 kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto inasema kuwa mkusanyiko usio halali lakini usio na vurugu utawanywe bila nguvu, na isipowezekana, nguvu iwe ndogo kabisa. Aliyeketi mikono ikiwa magotini hahitaji kuvunjwa kiwiko ili ainuke. Na risasi haiulizi nani ameandamana: tarehe 16 Februari 2018, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliuawa Kinondoni akiwa abiria ndani ya daladala.

Aliyeumizwa achukue PF3 (fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi kutibiwa) kituoni kabla ya kwenda hospitali. Akiwa na hali mbaya aanzie hospitali, fomu itafuata. Akiogopa kituo kilekile, aende kingine. Shati lenye damu lisifuliwe (tumewahi kuletewa lililopigwa pasi), na namba za gari la polisi ziandikwe siku hiyohiyo. Aliyekamatwa anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Malalamiko dhidi ya askari hupokelewa pia na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, bila malipo, na anayeshindwa kuandika anaweza kueleza kwa mdomo, maelezo yake yakaandikwa na kusainiwa.