Je, wajua kwa nini pua haikukingi na moshi wa sigara ya mwenzio?

Ukikaa jirani na mtu anayevuta sigara unafanyaje? Kuna wanaofunga mdomo wapumue kwa pua wakiamini itachuja, na kuna wanaobana pua wasisikie harufu halafu wanahema kwa mdomo. Hawa wa pili ndo wanakosea zaidi, ila hata wale wa kwanza hawajapona.

Pua ni bora kuliko mdomo, hilo halina ubishi. Hewa ikipita humo inapata joto na unyevu, vumbi linanasa kwenye ute, kisha vijinywele vidogo mno visivyoonekana kwa macho vinausukuma ule ute mpaka kooni unaumeza bila kujua.

Sasa shida ni udogo wa moshi. Pua inaziweza chembe kubwa, za maikroni 10 kwenda juu (maikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita), lakini chembe nyingi za moshi wa sigara hazifiki hata maikroni 1, kwa hiyo zinapita tu na hewa hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Baadhi ya gesi kali zinayeyuka kwenye ute, ndo maana pua inawasha na makamasi yanachuruzika, ila kabonimonoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, haizuiliki hapo, inaenda kwenye damu na kuing'ang'ania himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Na ukizoea kukaa kwenye moshi, vile vijinywele navyo vinalegea, yaani mlinzi mwenyewe anadhoofika.

Kitu wengi hawajui, moshi mwingi unaojaa chumbani hautoki mdomoni kwa mvutaji, unatoka kwenye ile ncha inayoungua yenyewe, na huo haujapita kwenye kichungi chochote. Mwaka 1981 mtafiti Takeshi Hirayama wa Japani alionyesha kwamba wake wasiovuta kabisa, ila waume zao wanavuta, walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu kuliko wake za wasiovuta.

Mi anayeniuma zaidi ni mtoto mchanga. Yeye kwa kawaida anapumua kwa pua, kwa hiyo tayari anafanya kile kilicho bora, lakini anapumua mara 30 mpaka 60 kwa dakika wakati mtu mzima aliyetulia ni 12 mpaka 20, na hawezi kuinuka akatoka nje.