Je, wajua juu ya nini karavani inaoza kuanzia ndani? Namna ya kuipima mbele ya kutoa pesa

Chukua karavani mbili, yaani zile nyumba ndogo za magurudumu zenye zinavutwa na gari, zenye zilitengenezwa mwaka mmoja, bei karibu sawa, zote zinang'aa, ndani kuna kitanda, kafrigo, jiko la gazi na mapazia. Miaka mitano inapita, moja kuta zake zimeshakuwa laini, ukigusa kidole kinazama, nyingine inafika miaka 30 na watu bado wanaivuta. Juu ya nini? Wengi watasema ni marke ao ni bahati tu. Hapana. Jibu liko kwenye viungo: mahali ukuta unakutana na paa, mahali dirisha lilikatwa, mahali skrubu iliingia. Karavani kwa kawaida haiuliwi na umri, inauliwa na maji yenye yaliingia polepole miaka na miaka bila mtu kuona.

Naandika hii juu huku Lubumbashi utakuta karavani za okazio, moja kwenye shantie ya mgodi njia ya Kolwezi, nyingine nyuma ya lupangu ya mtu, nyingine wameifanya kamgahawa, na nyingi ya hizo zimetoka Afrika ya Kusini, zimevutwa kama kilomita 2000 mpaka mpakani Kasumbalesa. Muuzaji atakufungulia mlango na kukuambia: Shefu, hii ni kitu ya Afrika ya Kusini, iko nguvu, angalia kitanda! Na wewe unaangalia kitanda. Mtu anatoa pesa ya kujenga chumba kizima juu ya godoro na mapazia, inaniuma kweli, maana vitu hivyo ndivyo rahisi zaidi kubadilisha, fundi wa Katuba anakushonea mapya na unaendelea.

Kwanza elewa inajengwa namna gani. Namna ya zamani: wanasimamisha mbao nyembamba kama mifupa, katikati wanaweka frigoliti (lile povu jeupe jepesi) ya kuzuia joto na baridi, ndani wanapiga tripleksi nyembamba, inje wanavalisha bati la aluminiumu. Namna nyingine: ukuta mzima unagandishwa kwa gundi na kukandamizwa, yaani tripleksi, frigoliti, tena tripleksi, na inje ngozi ya fiba. Huo wa gundi ni mwepesi na unapendeza sababu hauna mikunjo, lakini maji yakishapenya gundi inaachia, na ngozi ya inje inaanza kuvimba. Kuna namna ya tatu, ile ya Airstream ya Marekani yenye ilianza miaka ya 1930, ganda la aluminiumu limepigwa riveti na lenyewe ndilo linabeba nguvu kama mwili wa ndege, lakini hiyo huku hautaikuta kirahisi.

Sasa ona tatizo. Nyumba ya matofali inakaa pahali pamoja. Karavani inatetemeka kila kilomita, kila shimo la barabara linasukuma ukuta huku na paa kule, na kiungo kile chenye kilikuwa kimeziba vizuri siku ya kutoka kiwandani kinafunguka kidogo tu, upana wa unywele. Mvua inatosheka na huo upana. Maji yanaingia nyuma ya kile kipande cha aluminiumu kinachofunika kona, yanafuata skrubu, yanafika kwenye mbao, yanabaki pale sababu hakuna hewa ya kuikausha, na mbao inaoza ndani ya ukuta wakati wewe kwa inje unaona rangi nzuri tu.

Kwa hiyo mtengenezaji mzuri unamjua kwa viungo. Karavani yenye ilitengenezwa vizuri ina kanda ya gundi laini (ile nyeusi ao ya kijivu yenye haikauki, inaitwa butili) chini ya kila kipande cha kona na kila fremu ya dirisha, kisha juu ya ukingo wanaongeza msitari mwembamba, mmoja, wenye umenyooka. Ukipanda ngazi na kuangalia paa, ukakuta silikoni imepakwa juu ya silikoni, tabaka nyeupe, tabaka ya njano, tabaka nyingine imepasuka, ujue mtu alikuwa anafukuza maji miaka mingi na hakuyashinda. Tena silikoni ni mbaya kwa sababu ingine: ikishakaa pale hata ukiipangusa inaacha mafuta, na gundi nzuri utakayoweka baadaye haishiki. Kupanda ngazi ni lazima kabisa. Mtu mwenye anakukataza kuangalia paa, mwambie asante na uende.

Na hapa Lubumbashi tuko na mtego mmoja wetu wenyewe. Kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9 mvua karibu hakuna. Karavani yenye inavuja, ukiiangalia mwezi wa 8 iko kavu, harufu ya unyevu imeenda, madoa wameshapaka rangi, na muuzaji hata hadanganyi akisema haivuji, maana kwake haijavuja tangu mwezi wa 4. Ukiweza, nunua mwezi wa 1 ao wa 2 mvua ikiwa inapiga kweli, ao uende kesho yake asubuhi baada ya mvua kubwa. Ukishindwa kungoja, omba tiyo ya maji ya kawaida, mtu mmoja amwage maji juu ya paa na kwenye madirisha polepole dakika ishirini hivi, wewe ukiwa ndani na tochi, milango ya makabati yote wazi. Usitumie ile mashini ya kuosha magari kwa nguvu, hiyo inaweza kusukuma maji hata kwenye kiungo chenye hakina shida, na utakuwa umeharibu kitu cha mtu.

Ndani, tumia dole gumba. Anza chini ya kila dirisha, kwenye pembe mbili za chini, hapo ndipo maji yanakusanyika, halafu kona za mbele, halafu kona za nyuma kuanzia juu mpaka chini. Bonyeza. Ukuta wenye haujaoza unarudisha kidole. Ukuta wenye umekwisha unaingia ndani na haurudi, ao unasikia kama karatasi inavunjika nyuma, kasauti kadogo ka kukwaruza, na ukiondoa mkono kanabaki kashimo. Angalia pia ile karatasi ya ukutani: kama kona moja ni mpya na rangi yake imetofautiana kidogo na ingine yote, uliza ilibadilishwa juu ya nini, na bonyeza pale mara mbili. Kuna kipima unyevu chenye meno mawili ya chuma, mafundi wa karavani Uingereza wanakitumia sana, chini ya asilimia 15 wanaona ni kavu, kati ya 15 na 20 wanaanza kuchunguza, kupita 20 kuna kazi ya kufanya. Ukikipata ni vizuri. Kama hauna, dole gumba na pua vinatosha kwa sehemu kubwa.

Kwa ukuta wa fiba kuna njia rahisi sana yenye napenda kufundisha watu: enda saa kumi na moja jioni jua likiwa chini, simama kwenye kona, weka jicho karibu na ukuta na uangalie kwa urefu wake. Jua la mchana linaficha, lile la jioni linaonyesha kila kivimbe. Kivimbe pembeni ya dirisha maana yake gundi imeachia, na hiyo kurekebisha ni kazi ya kufungua ukuta mzima, bei yake inaweza kukaribia bei ya karavani yenyewe.

Halafu mavumbi. Sisi watu wa Katanga tunajua mavumbi mekundu, hayana huruma. Toa droo, weka tochi kwenye kona za nyuma za kabati, chini ya kitanda, nyuma ya choo. Ukiona msitari mwekundu mwembamba umefuata kiungo cha ukuta na sakafu, hewa inapita pale, na mahali vumbi inapita maji nayo mara nyingi yatapata njia. Muuzaji anaosha sakafu, anaosha vioo, lakini nyuma ya droo hakuna mtu anaosha.

Hapo hapo nyuma ya droo ndipo unaona mkono wa mtengenezaji mwenyewe. Mahali mteja haangalii, fundi mvivu anajionyesha. Chungulia chini ya sinki: mbao imekatwa kwa msumeno vizuri ao imeng'olewa tu? Waya wa umeme ukipita kwenye tundu la chuma umevalishwa mpira, ao chuma kinausugua kila siku barabarani mpaka siku moja unatoa cheche? Kabati limeshikwa na skrubu yenye imeingia kwenye mbao ya kweli, ao ni pini za bunduki ya hewa kwenye tripleksi ya milimita tatu? Shika kabati la juu na ulivute kidogo kwa mkono. Likicheza karavani ikiwa imesimama, fikiria litafanya nini kwenye mashimo ya njia ya Kasenga.

Sakafu unaipima kwa kisigino, hasa mlangoni na pembeni ya bafu. Inatakiwa kulia sauti moja kila mahali.

Tukuje kwenye shasi, na hapa naomba usiogope kuchafua nguo, lala chini. Shasi nzuri imezamishwa nzima kwenye zinki ya moto, utaiona ya kijivu mpaka ndani ya mabomba, haiozi kirahisi. Ile ya kupakwa rangi tu si lazima iwe mbaya, lakini rangi nyeusi mpya kabisa kwenye shasi ya karavani ya zamani, hiyo unaikwaruza na turnevisi uone nini iko chini. Angalia zaidi pale vyuma viwili vya mbele vyenye vinaenda kukutana kwenye kichwa cha kuvutia vinaungana na shasi, ufa unapenda kuanzia pale, tena unaanza mwembamba sana kama msitari wa kalamu wenye kutu. Kisha pima kwa mita kutoka kona ya mbele kushoto mpaka ya nyuma kulia, na ile ingine iliyokingama. Urefu ukitofautiana sana shasi imejikunja, iligongwa ao ilibebeshwa kupita kiasi.

Mapine, yaani matairi, watu wengi wanaangalia tu meno. Kwenye karavani meno hayasemi kitu, sababu inasimama miezi mingi kwenye jua na mpira unazeeka bila kutembea. Tafuta neno DOT pembeni ya tairi, mwisho wake kuna tarakimu nne: 2318 maana yake juma la 23 la mwaka 2018. Likipita miaka sita ao saba hesabu bei ya mapya, hata kama linaonekana jipya. Na likiwa limelika upande wa ndani tu, ekseli yaweza kuwa imepinda.

Sasa ile plaki. Kila karavani ya maana ina plaki ya chuma yenye uzito wake ikiwa tupu na uzito wa mwisho wenye inaruhusiwa. Uzito wa mwisho, toa ule wa ikiwa tupu, hiyo ndiyo nafasi yako ya kubeba. Karavani nyingine zinabaki na kilo 200 tu, weka tanki la maji la litre 100, hizo ni kilo 100 tayari, ongeza chupa ya gazi, betri, chakula, nguo, umekwisha kupita na hata watoto wako hawajapanda gari. Mtengenezaji mwenye anajua kazi anaacha nafasi. Na usidanganywe na alama ya RVIA (chama cha watengenezaji wa karavani kule) kwenye zile za Marekani: ile inahusu sheria za usalama wa moto, gazi, maji na umeme, haisemi kama ukuta umejengwa vizuri.

Zile za Marekani tena umeme wake ni volti 120, wetu ni 220, usichomeke kitu mbele ya kuuliza fundi. Na ukifungua ikatoka harufu kali yenye inachoma macho, chukulia kwa uzito: baada ya tufani Katrina ya 2005 serikali ya Marekani iliweka watu kwenye karavani, na mwaka 2008 wataalamu wa CDC, idara ya afya ya serikali hiyo, wakatangaza kwamba walizipima na kukuta ndani gazi ya fomaldehaidi nyingi kuliko nyumba za kawaida, gazi yenye inatoka kwenye gundi ya mbao za kukandamizwa.

Ya Afrika ya Kusini umeme si shida kubwa, ni kubadilisha plagi. Shida yake ni mlango. Kule wanaendesha kushoto, mlango uko kushoto upande wa wapita njia. Huku tunaendesha kulia, kwa hiyo ukisimama pembeni ya barabara ya Likasi mtoto anashukia upande wa malori. Hiyo haiondoi ubora wa karavani, lakini ijue mapema, na ukisimama tafuta parkingi ya kweli, ingia ndani kabisa, mbali na lami.