Bomba la gesi chini ya mtaa: mimi huanza na karatasi

Mtu akijua kwamba kazi yangu ni kukagua mabomba ya gesi ya mgandamizo mkubwa, swali lake la kwanza karibu kila mara ni umri. Lile la mtaani kwetu lina miaka mingapi? Si swali baya, ila halinipeleki mbali. Chuma kilichopakwa vizuri, kikapewa kinga ya kathodi (umeme mdogo unaozuia kutu) na kisiguswe na kijiko, ile mashine ya kuchimbia, hudumu miongo na miongo. Mimi huuliza hivi: iko wapi karatasi inayoonyesha kipande hiki, kinachopita chini ya barabara hii, kilitoka kiwanda gani, kilichomelewa vipi na kilijaribiwa kwa mgandamizo kiasi gani? Karatasi ikikosekana, tunabahatisha, hata kama chumba cha udhibiti kimejaa skrini za kisasa.

Wanaodhani natania nawaelekeza San Bruno, kusini mwa San Francisco, Marekani. Tarehe 9 Septemba 2010, saa 12:11 jioni, bomba la inchi 30 la kampuni ya gesi na umeme ya PG&E lilipasuka katikati ya makazi. Lilifukiwa mwaka 1956. Watu 8 walikufa na nyumba 38 zikateketea. Kipande cha chuma cha urefu wa mita 8.5 kilichomoka ardhini kikatua umbali wa mita 30 hivi. Uwanja wa ndege uko jirani, na moto ulivyovuma wengi waliamini ndege imeanguka.

Mgandamizo wakati huo ulikuwa pauni 386 kwa inchi ya mraba. Fundi tairi anayejaza gari ndogo pauni 32 anaweza kupata picha. Ulikuwa umepanda kwa sababu ya kazi ya umeme iliyoharibikia kwenye kituo cha Milpitas, upande wa juu wa bomba, lakini haukuwa umevuka 400, kikomo ambacho kampuni yenyewe ilikuwa imejiwekea. Hapo ndipo kisa kinapokuwa cha kitaalamu. Hesabu ya nguvu inayovuta ukuta wa bomba ni rahisi: mgandamizo zidisha kipenyo, gawanya kwa unene wa ukuta mara mbili. Kwa pauni 386, inchi 30 na ukuta wa inchi 0.375, unapata pauni 15,440 hivi. Chuma kilichoandikwa kwenye kumbukumbu kilipaswa kuhimili pauni 42,000 kabla ya kuanza kuvutika. Yaani bomba lilikuwa linabeba asilimia 37 tu ya uwezo wake. Bomba la namna hiyo halipasuki.

Lililopasuka halikuwa lile la kwenye kumbukumbu. Wachunguzi wa NTSB, chombo cha Marekani kinachochunguza ajali za usafiri na mabomba, walikuta kwamba pale palikuwa na vipande vifupi vifupi vilivyoungwa, na baadhi yake vilikuwa na mshono wa urefu uliochomelewa kwa nje tu. Kwa ndani sehemu ya chuma haikuwa imeshikana kabisa. Kumbukumbu za kampuni zilisema bomba hilo halina mshono. Kwa mtu wa fani hii neno hilo peke yake lilitosha kumwinua kitini, maana bomba la inchi 30 lisilo na mshono halikuwa bidhaa ya kuokota dukani miaka ile. Hakuna aliyeinuka. Na mshono wa urefu ndio wenye kazi ngumu kuliko yote, kwa sababu gesi huvuta ukuta kwa mzunguko mara mbili ya inavyouvuta kwa urefu. Kasoro ikiwa kwenye mshono ule, imekaa mahali pabaya kupita pote.

Ingeweza kuonekana? Ndiyo, tena kwa njia ya zamani sana: kujaza bomba maji na kulisukuma hadi mgandamizo uzidi ule wa kazi, mjini mara nyingi mara moja na nusu. Tunatumia maji kwa kuwa hayashindiliki kama gesi. Bomba likishindwa, utapata tope na aibu, hutapata mlipuko. Mshono wa San Bruno ungefichuliwa mapema na kipimo kama hicho. Lakini kanuni za shirikisho za mwaka 1970 ziliyaachia mabomba ya zamani yaendelee bila kujaribiwa, kikomo chao kikiwa mgandamizo wa juu yaliowahi kufikia katika miaka mitano ya nyuma. Nimeshasoma utetezi wa kila aina wa msamaha huo na bado naona ni kumpa mtu leseni kwa sababu hajawahi kugonga.

Njia nyingine ni kupitisha ndani ya bomba kifaa cha ukaguzi, tunachokiita pigi. Husukumwa na gesi yenyewe huku sumaku zake zikitafuta mahali ukuta ulipopungua. Ni kifaa kizuri mno kwa kutu. Kwa ufa mwembamba uliolala sambamba na bomba, pigi wa sumaku wa kawaida hupitwa, na lazima atumike wa aina nyingine. Isitoshe, mabomba mengi ya zamani yana kona kali na valvu nyembamba ambazo pigi hapiti, na bomba la San Bruno lilikuwa mojawapo. Kampuni ilitegemea ukaguzi wa kutu ya nje, ukaguzi ambao kamwe usingeona mshono. Walikuwa wanatafuta ugonjwa ambao bomba halikuwa nao. Ndiyo maana nang'ang'ania karatasi: ndizo zinazokuambia uchague kipimo gani.

Watu wengi husikia zaidi habari ya valvu, na kweli inaumiza. Ilichukua dakika 95 kuikata gesi. Valvu zilikuwa za kufungwa kwa mkono, mafundi wakazifuata kwa gari, na muda wote huo moto uliendelea kulishwa. Bomba la maji la mtaa nalo lilikuwa limevunjika kwa mlipuko, wazima moto wakafungua mabomba yao wakakuta makavu. Kanuni ya Marekani ya mwaka 2022 sasa inataka mabomba mapya ya inchi 6 kwenda juu, yakiwemo ya gesi, yawekewe valvu zinazofungika ndani ya dakika 30 tangu mpasuko utambulike. Naiunga mkono. Lakini soma tena maneno hayo: tangu utambulike. Aliyekuwa hatua chache kutoka kwenye mpasuko hana dakika 30. Valvu hupunguza nyumba zitakazoungua, ila mpasuko wenyewe haiuzuii.

Sasa turudi kwetu. Gesi ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme Ubungo mwaka 2004, na mwaka 2015 likakamilika bomba la inchi 36 kutoka Madimba, Mtwara, hadi Kinyerezi, Dar es Salaam. Haya si mabomba ya 1956. Yamezaliwa katika zama za vipimo na kumbukumbu za kompyuta, na hiyo ni bahati kubwa. Hatari ya mji unaokua kama Dar iko kwingine: bomba halihami, watu wanahamia.

Kiwango cha ASME B31.8, cha chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani na kinachotumika sana duniani, hugawa maeneo katika madaraja manne kwa kuhesabu nyumba zilizo ndani ya mita 200 kila upande wa bomba. Porini kwa kawaida unaruhusiwa kutumia asilimia 72 ya uwezo wa chuma. Penye majengo ya ghorofa nyingi, asilimia 40. Sasa chukua eneo lililokuwa mashamba ya mihogo wakati bomba linapita. Miaka kumi baadaye pana shule, msikiti, soko na fremu za maduka. Ukuta wa bomba ni uleule, lakini daraja limebadilika, na mwendeshaji anapaswa kuthibitisha kwamba bomba linakidhi daraja jipya, au ashushe mgandamizo, au abadilishe kipande hicho kwa chenye ukuta mnene zaidi. Uamuzi huo ni wa gharama, na hakuna atakayeufanya kama hakuna anayehesabu nyumba kila mwaka.

Mkuza, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya bomba, ukiachwa uvamiwe, tumeshaona matokeo yake jirani. Sinai, Nairobi, tarehe 12 Septemba 2011: lile lilikuwa bomba la mafuta, si la gesi, lakini vibanda vilikuwa vimelisogelea, petroli ikaingia mtaroni, watu wakaenda kuchota, na zaidi ya 100 wakafa.

Halafu kuna kijiko. Ghislenghien, Ubelgiji, mashine ya ujenzi ilikwaruza bomba la gesi likabaki na jeraha. Halikupasuka siku hiyo. Lilisubiri hadi mgandamizo ulipopandishwa, Julai 30 mwaka 2004, likaua watu 24, wakiwemo wazima moto waliokuwa wameitikia taarifa ya kuvuja. Dereva wa kijiko akigusa bomba, akaona halijatoboka na kufukia kimya kimya, ameacha hatari mbaya kuliko angelitoboa palepale. Kwa hiyo asiadhibiwe anayetoa taarifa. Mkandarasi atakayepigwa faini kwa kusema ukweli, safari ijayo atafukia.

Ukiishi karibu na nguzo za alama za bomba, ukaona watu wanachimba bila msimamizi wa bomba kuwepo, mwambie mwenyekiti wa mtaa na upige namba iliyoandikwa kwenye nguzo. Usingoje harufu uliyoizoea kwenye mtungi: gesi asilia haina harufu yake, na mabomba makubwa ya kusafirishia mara nyingi hayatiwi ile dawa ya harufu. Tena gesi ya mtungi hutambaa sakafuni, wakati gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa na hupanda. Dalili za kutazama ni mlio wa kufoka, vumbi linalorushwa kutoka ardhini, mapovu kwenye dimbwi, au majani yaliyokauka mahali pamoja wakati pembeni ni kijani. Ukiona mojawapo, ondoka kwa miguu kuelekea upepo unakotoka, usiwashe gari wala pikipiki, na simu uipige ukishafika mbali.