"Sukari ni ya ukoo": tunayoambiana Moshi kuhusu mazoezi

Dhana: "Kwetu sukari ni ya ukoo, mazoezi yatanisaidia nini?"

Hii utaisikia Mbuyuni, utaisikia Pasua, na kwangu ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu nusu yake ni kweli. Hatari ya kisukari hurithiwa. Ila jeni uliyorithi haifanyi kazi kwa kiwango kilekile saa zote. Misuli ikifanya kazi, ishara hufika ndani ya seli na baadhi ya jeni huchangamka, ikiwemo inayotoa GLUT4, protini ya kuingiza sukari kwenye msuli kutoka kwenye damu.

Watafiti wa Karolinska, chuo cha udaktari cha Sweden, walionyesha jambo hili vizuri mwaka 2014. Vijana 23 walifanya mazoezi ya kunyoosha goti kwa mguu mmoja tu, dakika 45, mara nne kwa wiki, miezi mitatu. Mtu yuleyule, chakula kilekile, vinasaba vilevile. Kwenye mguu uliofanya kazi, alama za kikemikali zilizoshikamana na DNA, zinazosaidia kuwasha au kuzima jeni, zilibadilika sehemu maelfu. Mguu uliokaa bure haukubadilika hivyo.

Na kwa ugonjwa wenyewe? Mwaka 2002 utafiti wa Marekani kwa watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari ulionyesha kuwa lishe, kupunguza uzito na mazoezi ya dakika 150 kwa wiki vilipunguza waliougua kwa asilimia 58. Metformini, dawa ya kisukari, ilipunguza kwa asilimia 31.

Dhana: "Basi mazoezi yanabadilisha DNA."

Hapana. Maandishi ya DNA hubaki yaleyale, kwa hiyo mwenye wazazi wagonjwa aendelee kupima sukari na presha hata akiwa mwembamba.

Dhana: "Lazima gym, au Kili Marathon."

Mama aliyeshuka sokoni Kiboriloni na mkungu kichwani, kisha akapandisha Old Moshi akihema, ameshafanya mazoezi. Simwoni kuwa nyuma ya bosi anayevaa jezi ya mbio mara moja kwa mwaka.

Dhana: "Nikikimbia Jumamosi nimemaliza wiki."

Afadhali hiyo kuliko kukaa, lakini jeni nyingi zilizochangamka hurudi zilivyokuwa ndani ya siku moja au mbili. Gawa siku. Na anayetumia insulini apime sukari kabla ya kutoka, mfukoni awe na glukosi au pipi.