Afande, si taa zinazokumaliza

Wiki iliyopita, katika ofisi moja ya serikali hapa Kampala, nimeambiwa tena: "Sisi habari ya umeme tumeshaimaliza, taa zote ni LED." Nimeyasikia hayo hospitalini, wilayani, vyuoni, na mwaka jana kwenye kambi moja ya askari. Ya kambini nitayaeleza, maana kule tulipiga hesabu.

Mirija 200 ya taa za zamani, kila mmoja wati 45 pamoja na balasti yake, kile kifaa kinachodhibiti umeme wa mrija. Ya LED ni wati 18. Saa tano kila usiku, umeokoa yuniti 27 kwa siku. Kazi nzuri, na nilimpongeza mkuu wa stoo. Lakini bili ilikuwa haijatikisika, ndiyo maana niliitwa.

Nikamwambia, "Afande, twende kwenye tangi saa nane usiku." Akaja mwenyewe na tochi. Kambi imelala, hakuna anayeoga wala anayefua, na mita ya bomba linaloshuka kutoka tangini inazunguka: lita 4,000 kwa saa. Tukaingia vyooni, kimoja baada ya kingine. Hakuna sauti. Unabandika kipande cha karatasi kavu ndani ya bakuli la choo, kinalowa papo hapo. Raba iliyo chini ya tangi la choo imekauka ikapasuka, maji yanapita usiku kucha na mchana kutwa.

Sasa, maji hayo yanatoka kisimani na kuinuliwa mita 80. Lita 1,000 kwa kimo hicho zinadai yuniti 0.22 hata pampu ingekuwa haipotezi kitu. Ya kwao, pamoja na mota, nilipima ufanisi wa asilimia 45, kwa hiyo weka 0.48. Lita 96,000 zinazovuja kwa siku ni yuniti 46. Taa ziliokoa 27. Afande alizima tochi akakaa kimya kwa muda.

Wengine hukimbilia kapasita. Hizo zinapunguza kVA, yaani mzigo wa umeme unaovutwa kwenye laini, hazizibi choo. Bwawa la umeme la Karuma lina megawati 600, ndiyo, lakini halilipi bili ya kambi. Linalonichosha zaidi ni inveta, kifaa cha kubadilisha kasi ya mota. Wauzaji wanasema: punguza kasi ya pampu nusu, umeme unashuka hadi moja ya nane. Ni kweli kwa feni, na kwa pampu inayozungusha maji ndani ya mabomba yaliyofungwa, kwa sababu huko kazi yote ni kushinda msuguano. Pampu ya kisima ina mlima wa kupanda kwanza. Mita 80 hazipungui kwa sababu umepunguza kasi. Ishushe kupita kiasi na maji hayafiki juu kabisa. Mota inaunguruma, yuniti zinakwenda, unatwanga maji kwenye kinu. Kwa tangi la juu, tafuta pampu inayofanya kazi vizuri kwenye kimo chako, iendeshe hapo, tangi likijaa izime.

Tulibadilisha raba zote. Matumizi yakashuka, ila si kwa yuniti 46. Nyumba za ghorofani, ambazo presha haikuwa ikizifikia, zilianza kupata maji, na watu wakaoga. Je, huo ni uokoaji ulioshindwa? Kwenye ripoti niliandika yuniti zilizopungua kando ya maji yaliyofika, na bado nabishana na nafsi yangu juu ya kiwango cha kulinganishia, yaani matumizi yapi ya awali nipimie uokoaji. Vitabu vinalichukulia kama jambo jepesi.

Kuna na hili. Fedha ya serikali isiyotumika hadi 30 Juni inarudi kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina. Afande akiokoa fungu la umeme, kambi yake haibaki na shilingi. Na fungu la umeme halinunui raba za vyoo. Zile tulizoweka zilitoka kwenye fedha ya sabuni na mifagio, na mwezi ule askari walifagia kwa matawi.